Fomu za kung fu na kupigana kweli: niliyojifunza kati ya Temeke na Foshan

Kila anapoingia kijana mpya mazoezini kwetu, haipiti wiki kabla hajauliza: "Mwalimu, hizi fomu zitanisaidia nini mtu akinivamia kweli?" Wengine huuliza kwa upole. Wengine wameshaangalia mapambano ya vizimbani kwenye simu, wanauliza huku jibu wanalo. Siwezi kumkasirikia yeyote kati yao, maana swali hilo nililibeba tangu ujanani Temeke, nikasafiri nalo hadi kusini mwa China, nikaligharamia kwa fedha, kwa jino moja na kwa goti la kushoto ambalo mpaka leo huuma nikikaa sana kwenye daladala.

Jibu langu nalitoa mapema ili asiye na muda asihangaike. Fomu inajenga mwili wa mpiganaji na inamhifadhia mbinu, lakini haimfundishi kupigana. Kupigana unafundishwa na mtu aliyesimama mbele yako na asiyekubali ufanye unachotaka. Nimekaa miaka mingi upande mmoja, kisha nikakaa upande wa pili, na naandika haya kwa ajili ya anayeanza leo, ajue mapema kinachopatikana wapi.

Ninaposema fomu nina maana ya ule mfululizo uliopangwa wa misimamo, hatua, kinga na mapigo, ambao mtu anaupiga peke yake kuanzia mwanzo hadi mwisho. Wachina huita taolu. Ndugu zetu wa karate wanazo kata, na mengi nitakayosema yanawahusu pia.

Sisi wa rika langu kung fu tuliikuta kibanda umiza. Ulikuwa unalipa hela kidogo, unabanana na wenzako kwenye benchi mpaka jasho linakuloa, filamu za Hong Kong zinapita moja baada ya nyingine. Tukitoka hapo ni kurushiana mateke hadi nyumbani. Baadaye kaka mmoja wa mtaani, aliyejifunza kwa mtu aliyejifunza kwa mtu, akatukusanya jioni kwenye uwanja wa shule. Alikuwa mkali na mwenye moyo safi, na asiye na ada hakumfukuza. Nidhamu niliyonayo mpaka leo niliipata kwake.

Lakini tulivyokuwa tukifanya mazoezi ya wawili wawili ndiko ninakotaka upaangalie vizuri, kwa sababu bado naviona vilevile katika klabu nyingi. Mmoja anapiga ngumi moja iliyonyooka kisha anauacha mkono hewani. Mwenzake anakinga, anajibu kwa mapigo matatu manne, anamaliza kwa kumwangusha. Muda wote huo aliyeanza ametulia, anasubiri aangushwe. Kila mmoja anajua kinachokuja, kinatoka upande gani na kitafika lini. Hayo tuliyaita mazoezi ya kupigana, na katika miaka yangu yote pale hakuna aliyenirushia ngumi ya pili kabla sijamaliza kukinga ya kwanza.

Guangzhou nilikwenda kutafuta maisha. Nilikuwa wakala wa mizigo: kuwapokea wafanyabiashara wa Kariakoo, kuwazungusha masokoni, kukusanya bidhaa zao ghalani, kujaza kontena na kusimamia makaratasi. Waliowahi kuishi Xiaobei, mtaa wa Guangzhou wenye Waafrika wengi, wanajua maisha yale ya kulala saa nane usiku na kuamka na simu ya mteja. Foshan iko jirani kabisa. Tangu mwaka 2010 treni ya chini ya ardhi inaiunganisha miji hiyo miwili, na kimojawapo cha vituo vyake kinaitwa Zumiao, kwa jina la hekalu la kale la mji. Katika eneo la hekalu hilo kuna ukumbi wa kumbukumbu ya Wong Fei-hung. Sisi wa kibanda umiza tulimjua kama mtu wa filamu tu. Kumbe alikuwa mtu wa kweli, tabibu na mwalimu wa mtindo wa Hung Gar, aliyefariki miaka ya 1920. Nilisimama mbele ya picha zile kwa muda mrefu kuliko watalii wote waliokuwamo.

Kupitia vijana waliokuwa wakicheza ngoma ya simba, ile ya watu wawili ndani ya vazi la simba, nilielekezwa kwa mzee mmoja aliyepita miaka sabini, anayefundisha Hung Gar kwenye ghorofa ya juu ya nyumba kuukuu, sakafu ya zege tupu. Tulimwita sifu, kama wanavyoita mwalimu watu wa kule. Kikantoni sikukijua, na Kichina changu kilikuwa cha sokoni, kwa hiyo mwanafunzi mwenzangu mmoja ndiye aliyekuwa akinitafsiria. Ada haikuwa kubwa. Gharama ilikuwa muda: jioni za kazi, Jumapili nzima, wateja waliopiga simu wakanikosa wakampigia wakala mwingine. Mke wangu aliyekuwa Dar alikuwa na haki kabisa ya kuuliza kwa nini fedha za mwezi huu zimepungua, na kumweleza kwamba sababu ni kung fu hakukuwa jambo jepesi. Anayetaka kuingia safari kama hii akae na familia yake kwanza.

Fomu ya kwanza katika ukoo ule ni Gung Ji Fuk Fu, ya kumtiisha simba marara (chui milia), ambayo hatua zake zinachora chini umbo la herufi ya Kichina inayofanana na I kubwa. Ni ndefu. Lam Sai-wing, mwanafunzi mashuhuri wa Wong Fei-hung, aliichapisha kitabuni, na mpaka leo ndiyo mlango wa kuingilia Hung Gar. Sehemu yake ya mwanzo huipigi kwa kasi. Unakaa kwenye msimamo wa farasi, miguu imetanuliwa, mapaja yamelala, unasukuma mikono mbele polepole huku misuli yote imekazwa, unavuta, unasukuma tena. Miguu hutetemeka hadi meno yanagongana. Kwa miezi mingi sikufanya kingine zaidi ya huo mwanzo, na msimu wa mwaka mpya wa Kichina nilipewa kazi ya kuwa mkia wa simba, umeinama chini ya kitambaa, umeshika kiuno cha mwenzako wa mbele, unatembea kwa msimamo uleule wa farasi kuanzia duka la kwanza hadi la mwisho. Kama unataka mapaja, hakuna mazoezi yanayoshinda mkia wa simba.

Nilijiona nimeiva. Nilikuwa na fomu tatu safi, nyonga zilizofunguka na miguu ambayo watoto wa pale walikuwa wakiigonga kwa mateke bila kunitikisa. Kijana mmoja wa ghalani, ambaye alikuwa akicheza sanda, akanialika klabuni kwao.

Sanda, kwa asiyeijua, ni mchezo wa mapambano wa Kichina wa ngumi, mateke na kubwagana, ambao mamlaka ya michezo ya China ilianza kuujaribu rasmi mwaka 1979. Ukianguka chini mwamuzi anasimamisha, hakuna kugaagaa. Ulingo wa mashindano ni jukwaa la mita 8 kwa 8, lenye kimo cha sentimita 80, halina kamba. Ukisukumwa nje unaanguka kwenye magodoro, na ukianguka mara mbili katika raundi moja umeipoteza raundi hiyo. Raundi ni dakika mbili, mshindi ni wa mbili kati ya tatu.

Dakika mbili zinaonekana chache. Jioni ile ya kwanza, kwenye sparingi (pambano la mazoezi) ya kawaida tu na kijana mwepesi kuliko mimi, pumzi yangu ilikwisha kabla ya nusu ya raundi. Ngumi ya kwanza ilinipata nikiwa katika kujiweka sawa kwenye msimamo. Ya pili ilinikuta bado naishughulikia ya kwanza. Mkono wangu wa kulia, uliozoea kurudi kiunoni baada ya kila pigo kama fomu inavyoagiza, ulirudi kiunoni, na shavu la kulia likabaki wazi kila mara. Yule kijana alilifahamu hilo upesi. Macho yalijaa machozi, masikio yakaziba, na ikaja hofu ambayo sikuwahi kuionja katika mazoezi yoyote: ile ya kujua kwamba huyu mtu hatasimama nimalize. Jino lilikatika jioni hiyo, kwa sababu nilipanda bila kinga ya meno. Kinga ya meno hainunuliwi baada ya kuona kama mchezo utakupendeza. Inanunuliwa kabla ya kitu kingine chochote, hata kabla ya sare.

Nilirudi chumbani nimefura, na kilichoniuma zaidi ya mdomo ni kule kudhani kwamba miaka yote ile imekwenda bure. Kwa majuma kadhaa sikukanyaga Foshan. Huzuni ya namna hiyo haina mtu wa kumweleza, maana asiyecheza haelewi na anayecheza atakuambia tu uongeze bidii.

Lakini kuna jambo kocha wa sanda aliniambia, na ndilo lililonifanya nirudi pale klabuni badala ya kuacha. Alisema vijana wake walijaribu kunibwaga na hawakuweza. Walinipiga walivyotaka, ila kila waliponishika kunipiga ngwala, niliendelea kusimama. Aliniuliza miguu hiyo nimeipata wapi.

Huo ulikuwa mwaka 2017, na mtu yeyote aliyekuwa China na mwenye simu atakumbuka mjadala wa wakati ule. Mwezi Aprili, mjini Chengdu, Xu Xiaodong, mwalimu wa mapambano mchanganyiko (MMA), alipambana na Wei Lei, mwalimu wa taiji (tai chi), mtindo wa Kichina unaojulikana kwa miondoko ya polepole. Haikufika hata nusu dakika, Wei Lei akawa chini anapigwa. Nchi nzima ikagawanyika. Klabuni kwa sanda walicheka, ghorofani kwa sifu walinuna. Mimi nilikuwa natoka huku nikienda kule katika wiki ileile, na kila upande ulitaka niseme uko sahihi.

Sifu hakugombana na mtu. Jioni moja, tulipokuwa tukinywa chai, mwanafunzi wake mkubwa alituonyesha filamu ya zamani isiyo na rangi: pambano la Macau la Januari 1954, lililoandaliwa kuchangisha fedha za hisani, kati ya Wu Gongyi wa taiji na Chen Kefu wa mtindo wa korongo mweupe. Wote wawili walikuwa na majina makubwa. Ukiitazama, unaona watu wawili wanarushiana mikono bila mpangilio, vichwa vimeinuliwa, miguu haijui iende wapi, pua inatoka damu, na mwishowe wakasimamishwa bila mshindi. Hakuna korongo, hakuna taiji. Wale wazee fomu zao zilikuwa nzuri mno kuliko zangu. Walichokosa ni kilekile nilichokosa mimi, mazoea ya kupigwa na mtu ambaye naye anataka kushinda.

Nilipoanza kusoma habari hizi nikakuta kwamba Wachina wenyewe wamelijadili jambo hili kwa karne nyingi. Jenerali Qi Jiguang, aliyepigana na maharamia wa pwani katika karne ya 16, alichagua misimamo 32 kutoka mitindo ya ngumi ya zama zake akaiweka kwenye kitabu chake cha mafunzo ya askari. Huyohuyo aliandika kwamba ngumi hazina kazi kubwa katika vita vya majeshi, ila zinazoesha mikono na miguu na ni mlango wa kuingilia silaha. Na alikuwa mkali dhidi ya mbinu za mapambo, zinazopendeza macho na kumuua askari. Mwaka 1928 serikali ilipoanzisha Taasisi Kuu ya Guoshu, yaani ya sanaa za mapigano za taifa, mjini Nanjing, ilifanya mtihani wa kitaifa ambao ulikuwa na mapambano ya jukwaani, na watu waliumia sana. Kwa hiyo anayeniambia kuhoji fomu ni kuidharau China namwelekeza kwa jenerali wao.

Siku niliyopata ujasiri nilimuuliza sifu waziwazi: katika fomu hii, mtu wa pili yuko wapi? Kuna kipande ambacho mkono wa nyuma unachota kutoka chini kuja ubavuni, mkono wa mbele unasukuma kwa kiganja, na wakati huohuo miguu inageuka kutoka msimamo wa farasi kuingia ule wa upinde, goti la mbele limekunjwa na mguu wa nyuma umenyooka. Nilikuwa nimekipiga kipande hicho mara zisizohesabika nikidhani ni kinga na pigo. Sifu aliniambia nimpige teke la ubavuni. Nikapiga polepole. Alilipokea, mkono wake ukachota mguu wangu chini ya ndama, akapiga hatua nyuma ya mguu wangu niliousimamia, kiganja kifuani, akageuza nyonga. Nilikuwa chini.

Akasema tena, kwa kasi. Nikapiga kwa kasi. Akalidaka moja, la pili likampata kwenye mbavu likamsogeza. Nilishtuka, nikaomba radhi. Akajisugua, akaniambia kupitia mkalimani wangu: "Mimi nimezeeka. Hiki kipande nenda ukakifanyie kazi na wale wenzako wa glavu, mpaka ukipate kwa anayepiga kweli." Sijawahi kumheshimu mwalimu kuliko nilivyomheshimu yeye dakika ile. Angeweza kunidanganya na ningeamini.

Nikakipeleka. Mwanzoni rafiki yangu alinipigia teke moja analolitangaza. Baadaye bila kutangaza. Baadaye akawa anatanguliza ngumi kabla ya teke, halafu anajifanya anapiga teke na kuleta ngumi. Kila hatua nilianza upya kushindwa, na mbavu zangu zilikuwa za rangi zote. Ila kidogokidogo mguu ulianza kubaki mkononi mwangu, na kila ulipobaki, kugeuza nyonga hakukuhitaji mawazo. Hilo ndilo fomu ilikuwa imelifanya miaka yote. Wenzangu wa sanda walifundishwa kudaka mguu na kubwaga kama mimi, lakini wengi walimalizia kwa mikono. Mimi nilimalizia kwa miguu na kiuno. Katika mashindano ya kirafiki ya klabu, jamaa aliyekuwa ananizidi ngumi kwa mbali nilimbwaga kwa kipande kile, kisha nikambwaga tena. Raundi nyingine walinisukuma nje ya jukwaa. Sijawa bingwa wa chochote, lakini nilijua sasa ninachofanya.

Kuanzia hapo nikawa narudi kwenye fomu kwa macho mengine. Kazi yangu ilinisaidia kuelewa: fomu ni kama kontena lililopangwa na mtu hodari, limebeba mzigo mwingi katika nafasi ndogo, lakini mteja hawezi kutumia chochote mpaka mlango ufunguliwe na vitu vitolewe kimoja kimoja. Ule mkono unaorudi kiunoni ulioniponza? Nilipowashika watu nguo na mikono nikauelewa. Haurudi mtupu. Unarudi ukiwa umeshika kitu, kiwiko au kifundo cha mpinzani, unamvuta aingie kwenye pigo la mkono wa pili. Kama hujashika kitu, mkono ukae karibu na taya. Msimamo wa farasi unaoshuka sana ni wa kujenga miguu. Ukipigana unasimama juu, na unashuka pale tu mnapogusana na unataka kumbeba au kumzuia. Msimamo wa paka, mguu wa mbele mwepesi, niliuona ni wa mapambo hadi nilipopigwa mateke ya mapaja. Mguu usio na uzito ndio unaoinuka kukinga.

Yapo mambo ambayo hutayakuta katika fomu hata ukiipiga hadi uzeeni. Umbali hutaukuta, maana hewa haisogei. Wakati hutaupata, kwa kuwa wewe ndiye unayeanza na wewe ndiye unayemaliza. Hofu haimo. Na pumzi ya kupigana haimo, ile ambayo moyo unadunda kwa woga na bado unatakiwa kufikiri. Hayo yote yanatoka kwa mwenzako, na yanachukua muda, kwa hiyo usisubiri kumaliza fomu zote ndipo uanze. Ningekuwa na mwanafunzi mmoja tu wa kumlea tangu mwanzo, ningempa fomu fupi moja na mwenzake wa kupigana naye katika mwezi uleule.

Nigusie mwili, kwa sababu mwili ndio uliolipa. Goti langu halikuharibiwa na ulingo. Liliharibiwa na msimamo wa farasi wa chini sana juu ya zege, magoti yakilala ndani wakati miguu imeelekea nje. Goti lifuate vidole vya mguu, daima. Likianza kuuma kwa ndani, panda juu, hata kama mwalimu anakutazama. Fomu ya Tit Sin, ile ya waya wa chuma, inakaza misuli na kubana pumzi kwa nguvu, na mwenye shinikizo la damu asiiguse bila kuzungumza na daktari. Kwenye sparingi, vaa kinga za ugoko na kichwa, na mkubaliane nguvu kabla ya kuanza. Sehemu kubwa ya sparingi yetu sasa ni ya nguvu ndogo, na ndiyo tunayojifunzia zaidi. Aliyepigwa kichwani akaona kizunguzungu, akatapika au akasahau kilichotokea anatoka siku hiyo na kwenda hospitali, hata akisema yuko sawa. Hili sina mjadala nalo na mtu.

Nilirudi Dar, na huku nako swali la mtaani lilinipata. Jioni moja karibu na Buguruni bodaboda ilinipita, aliyekaa nyuma akashika mkoba wangu uliokuwa begani. Watu huburuzwa namna hiyo wakavunjika mikono na hata kufa. Nilihisi mvuto, miguu ikashuka yenyewe, kiuno kikakaa, na katika kusimama huko nikapata sekunde ya kutoa mkono kwenye kamba. Mkoba ulikwenda. Mimi nilibaki wima, mzima, nikaenda kutoa taarifa polisi. Hakuna pigo lililopigwa. Ukiniuliza fomu ilinisaidia nini kwenye hatari halisi, nitakutajia tukio hilo kabla ya kumtaja niliyembwaga jukwaani.

Kisu ni habari nyingine. Zipo fomu zenye kunyang'anya silaha, na ukizijaribu na mwenzako mwenye kalamu ya wino anayechoma na kuvuta haraka, utaona fulana yako ilivyojaa alama. Tumefanya jaribio hilo mbele ya vijana wote, pamoja nami. Mpe simu, mpe pochi, kimbia ukiweza.

Siku hizi jioni yetu inaanza na fomu, lakini hatuipigi yote. Tunachukua kipande, kila mtu anaeleza mtu wa pili amesimama wapi na anafanya nini, kisha wawili wawili, polepole, baadaye kwa ubishi. Mwisho ni sparingi kwa wanaotaka. Yupo mama mmoja wa makamo na wazee wawili ambao wanapiga fomu tu, kwa afya na kwa mapenzi yao, na fomu zao ni nzuri kuliko za vijana. Siwaambii kwamba zitawalinda na majambazi. Wanajua wanachopata na wanakipenda, na hilo nalo ni kung fu kamili. Kinachoniudhi ni mwalimu anayechukua ada ya binti wa chuo anayetembea usiku, akampa fomu na mkanda, akamwambia sasa huogopi mtu.

Kwa hiyo ukienda kutafuta klabu, usiangalie picha ukutani wala mkanda wa mwalimu. Kaa pembeni jioni nzima. Tazama kama wanafunzi wanakosa mbele ya mwalimu na anawaacha wakose, kama kuna anayepigwa ngumi ya pili, kama mkubwa anakubali kubwagwa na mdogo. Muulize mwalimu kipande kimoja cha fomu kina kazi gani na umwombe akuonyeshe kwa mtu anayebisha. Mwalimu mzuri atakuonyesha, na likimshinda atakuambia. Kisha naye akuulize unataka nini. Mimi huuliza siku ya kwanza, na akiniambia anataka ulingo, namwelekeza duka la kinga ya meno kabla hajalipa ada.